Lengo lako limekwama wapi? Dalili, vyanzo na marekebisho

Mtu aliyeshindwa kufuata lengo lake akiulizwa kilichotokea, mara nyingi hujibu: "mimi mvivu", "sina nidhamu", "sina kipaji". Majibu hayo ni hukumu, na hukumu haikuonyeshi pa kugusa. Fundi akiletewa redio isiyotoa sauti huangalia kwanza kama umeme unafika. Malengo ya kujifunza, ya ubunifu na ya kujikuza nayo huharibika mahali mahususi, na pengi kati ya mahali hapo panajulikana.

Tafuta dalili inayokuhusu. Vyanzo vimepangwa kuanzia kile kinachotokea mara nyingi zaidi, kwa hiyo usirukie cha mwisho kabla ya kukagua cha kwanza. Badilisha kitu kimoja tu, ukipe wiki mbili, ndipo uangalie. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na mambo yakanyooka, hutajua kilichosaidia ni kipi.

Kabla ya yote: usingizi na mabadiliko ya maisha

Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kila usiku. Ukilala saa 5 kwa wiki kadhaa, utasahau, utakosa hamu na utashindwa kumakinika, hata kama lengo lako limewekwa vizuri kabisa. Rekebisha usingizi kwanza. Halafu jiulize kama hivi karibuni umefiwa, umepata mtoto, umebadilisha kazi, umeugua au umeanza dawa mpya. Kama ndiyo, huenda lengo halina kasoro yoyote na kilichobadilika ni nguvu ulizonazo. Punguza kipimo hadi hali itulie.

## Dalili ya 1: Lengo lipo, siku zinapita, hujaanza

Lengo halina tendo ndani yake. Hiki ndicho chanzo kikubwa. "Nataka kuwa mbunifu zaidi" ni matamanio mazuri, lakini hayakuambii ufanye nini kesho asubuhi. Kagua hivi: je, mtu akikaa pembeni yako ataweza kusema kwa hakika kwamba leo umefanya au hujafanya? Kama hawezi, lengo bado ni wazo. Edwin Locke aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1968, na tafiti alizofanya baadaye na Gary Latham zilionyesha tena na tena kwamba lengo mahususi na gumu huleta matokeo bora kuliko agizo la "jitahidi uwezavyo". Kwa hiyo "kujifunza kuchora" igeuze iwe "kuchora mkono wangu wa kushoto mara moja kila siku".

Lengo halina saa wala mahali. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alichunguza mpango mdogo wenye umbo la "ikitokea hili, nitafanya lile". Mwaka 2006, yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94 na kukuta kwamba mpango wa aina hiyo huongeza kwa kiasi cha kuonekana uwezekano wa mtu kutimiza alichokusudia. Andika sentensi moja tu: "Nikishaosha vyombo vya usiku, nitakaa mezani na kufanya mazoezi ya lugha dakika 15." Hakikisha tukio la kwanza ni kitu kinachotokea kweli kila siku. "Nikipata nafasi" haifai, kwa sababu nafasi haina saa.

Hatua ya kwanza ni kubwa mno. Ukijikuta unapanga meza, unachonga penseli na kutafuta daftari zuri zaidi, hofu imeingia. Punguza hatua hadi ionekane ndogo kupita kiasi: dakika 5, sentensi moja, ukurasa mmoja. Kanuni pekee ni kwamba ukimaliza hizo dakika 5 unaruhusiwa kuacha, na ruhusa hiyo iwe ya kweli. Ukijidanganya ili ubaki saa nzima, kesho hutajiamini.

Lengo si lako. Hili hutokea kwa nadra kuliko watu wanavyodhani, ndiyo maana nimeliweka mwisho. Jiulize: kama hakuna mtu hata mmoja atakayejua kwamba nimelifikia, ningelitaka bado? Jibu likiwa hapana, una njia mbili za heshima. Unaweza kuliacha. Au, kama ni jambo lisiloepukika kama mtihani wa kazini, lihamishie kwenye orodha ya wajibu, ulifanye kama wajibu, usilisubiri likupe furaha.

## Dalili ya 2: Ulianza kwa kasi, ukaishia njiani

Mtu aliyefika hapa ameshathibitisha kwamba anaweza kuanza, na hilo si dogo. Tatizo lake liko kwenye kipimo.

Kipimo kiliwekwa siku ya furaha. Jioni ya kuamua, saa 2 za mazoezi kila siku zinaonekana kidogo. Swali la kujiuliza ni kama ungekimudu kipimo hicho siku ambayo umechoka, una wageni na kichwa kinauma. Weka viwango viwili: cha chini, ambacho hata siku mbaya hakikushindi, na cha juu, ambacho hukipiti hata siku njema. Watu wengi huweka kile cha chini na kukisahau cha juu. Naamini cha juu ndicho kinachookoa zaidi, kwa sababu kinakuacha ukiwa bado na hamu ya kesho.

Ulikosa siku moja ukaona yote yameharibika. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha mwaka 2009 utafiti wa watu 96 waliojaribu kujenga tabia mpya. Kwa wale ambao data yao ilionyesha mwendo unaopimika, siku ya katikati ambapo tabia ilianza kwenda yenyewe ilikuwa ya 66, na makadirio ya mtu mmoja mmoja yalitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Ile imani kwamba tabia hujengeka kwa siku 21 haikupata uthibitisho hapo. Na jambo lenye manufaa zaidi ni hili: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia kwa kiasi cha maana.

Basi usilipe deni. Aliyekosa kurasa 2 jana asiandike 4 leo, aandike 2. Kulipa deni kunageuza siku moja mbaya kuwa siku mbili nzito, na ya tatu hutaiona.

Ulikadiria muda vibaya. Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kosa hili mwaka 1979: tunapopanga kazi yetu, tunaifikiria ikienda sawa na kusahau jinsi kazi zilizotangulia zilivyochelewa. Roger Buehler na wenzake walilipima mwaka 1994 kwa wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu. Kwa wastani walikadiria siku kama 34, wakatumia kama 55. Hata walipoombwa wakadirie kama kila kitu kingeenda vibaya kabisa, walitaja siku 49 hivi. Kwa hiyo usijiulize "itachukua muda gani?" Jiulize "kazi iliyofanana na hii ilichukua muda gani mara ya mwisho?" na uandike idadi hiyo, hata kama haikupendezi.

Lengo limekwisha muda wake. Ulitaka kujifunza gitaa, umejifunza nyimbo chache, umeridhika. Lifunge kwa kuandika tarehe na ulichojifunza, kisha endelea na jingine. Lengo lililofungwa rasmi halikusumbui usiku.

## Dalili ya 3: Unasoma sana, unakumbuka kidogo

Karibu kila mara chanzo ni kimoja: unarudia kusoma badala ya kujiuliza. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha hili vizuri mwaka 2006. Wanafunzi walisoma matini. Baadhi wakayasoma tena, wengine wakajaribu kuyakumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Ukirudia kusoma, maneno yanakuwa mepesi machoni, na wepesi huo unauchukulia kuwa ndio ujuzi.

Funga kitabu, chukua karatasi tupu, andika kila unachokumbuka, kisha fungua na usahihishe. Inachosha na inavunja moyo kidogo. Uchovu huo ni dalili njema, usiukimbie.

Chanzo cha pili ni kusoma kwa mkupuo mmoja. Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa ya unachosahau hupotea mapema, kisha kasi ya kusahau hupungua. Rudia kesho, kisha baada ya siku 3, kisha wiki, kisha wiki mbili. Muda ule ule uliougawa hivyo unakupa zaidi kuliko ukiumaliza usiku mmoja.

Cha tatu ni kukusanya. Una kozi nne, video nyingi ulizohifadhi na vitabu saba vilivyoanzwa. Kukusanya kunatoa raha inayofanana na kujifunza. Chagua chanzo kimoja, kimalize, ndipo ufungue kingine.

Simama na umwone daktari kama kusahau kumetoka nje ya masomo: unapotea kwenye njia unazozijua, unasahau miadi mara kwa mara, au watu wa karibu wameanza kukuambia umebadilika. Na kama tangu utotoni herufi zimekuwa zikikuchanganya ilhali unaelewa vizuri ukisomewa, mtaalamu wa matatizo ya kujifunza anaweza kukupima. Njia utakazopewa ni tofauti na hizi zangu, na zinafanya kazi kwa watu wazima pia.

## Dalili ya 4: Unafanya kila siku, lakini hukui

Unarudia unachokijua tayari. Piano ile ile, wimbo ule ule, na pale pagumu panapitwa haraka. Anders Ericsson na wenzake, katika makala yao ya 1993 iliyowahusu wapiga violini wa chuo cha muziki mjini Berlin, walitenganisha kucheza tu na mazoezi ya makusudi, yaani yale yanayolenga udhaifu fulani, yanayodai umakini na yanayosahihishwa. Kagua mazoezi yako matano ya mwisho: kulikuwa na kosa jipya? Kama hapana, ulikuwa unajiburudisha. Kujiburudisha ni kuzuri, lakini hakukukuzi. Tenga robo ya muda kwa kile kipande kinachokushinda, na kipande chenyewe kiwe kifupi.

Hakuna anayekusahihisha. Jirekodi sauti au picha, usikilize siku inayofuata. Kisha mtafute mtu anayejua kuliko wewe na umwulize swali jembamba. "Unaonaje?" itakuletea "nzuri". "Aya gani ilikuchosha?" itakuletea kitu cha kufanyia kazi.

Umeweka lengo la alama mapema mno. Katika jambo jipya na tata, lengo la kupata kiwango fulani linaweza kukurudisha nyuma, kwa sababu akili inahesabu alama badala ya kutafuta njia. Latham na wenzake waligundua kwamba katika hatua hiyo lengo la kujifunza hufaa zaidi. Weka "nitafute njia tatu za kuanzisha hadithi" mahali pa "nishinde shindano". Lengo la alama lirudishe ukishajua kazi.

Umekua, ila huoni. Weka kazi ya leo yenye tarehe, usiiangalie kwa miezi mitatu.

Simama kabisa ukihisi ganzi, kuwaka moto, maumivu yanayorudi au udhaifu wa vidole unapopiga ala, kuchora au kuchapa. Usivumilie ili ujenge uwezo. Jeraha la kurudiarudia huongezeka kwa uvumilivu. Mwone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo. Kwa waimbaji, sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu inahitaji kuangaliwa na daktari.

## Dalili ya 5: Kazi ya ubunifu: unaanza, unafuta, unaanza tena

Hii ndiyo dalili inayoumiza zaidi, kwa sababu mtu huiona kama ushahidi kwamba hana kipaji. Kati ya zote zilizomo humu, ndiyo ninayoiona ikirekebishika kwa urahisi kuliko inavyoogopwa.

Unatunga na kuhariri kwa wakati mmoja. Sentensi haijafika mwisho, umeshaihukumu. Zitenganishe kwa saa, au bora zaidi kwa siku: leo kutunga, kesho kuhariri. Ukitunga, tumia kalamu ili kufuta kuwe kugumu. Neno likikosekana, weka mstari mtupu na uendelee. Mchoraji achore kwa wino, msanii wa muziki arekodi mfululizo bila kurudi nyuma. Ukiona mkono unakwenda kwenye kufuta, andika pembeni "rekebisha baadaye", nao utatulia.

Lengo lako ni ubora, na ubora hauko mikononi mwako. Huwezi kuamua leo kuandika shairi zuri. Unaweza kuamua kuandika mashairi kumi. Dean Simonton, aliyechunguza kazi za watunzi na wanasayansi wa zama nyingi, alionyesha kwamba kazi zao bora huwa nyingi katika vipindi walivyozalisha kazi nyingi, na vipindi hivyo hivyo vilikuwa na kazi dhaifu nyingi pia. Weka lengo la idadi, kisha ukishamaliza chagua mbili za kusafisha. Nane zilizobaki zilikuwa bei ya hizo mbili.

Hadhira imeingia chumbani mapema. Unaandika huku ukiwaza nani atasoma, atasema nini, atalipa kiasi gani. Teresa Amabile alifanya jaribio lililochapishwa mwaka 1985: waandishi waliofikirishwa kwa muda mfupi tu sababu za nje za kuandika, kama sifa na fedha, kisha wakatunga shairi, walitoa kazi ambazo waamuzi waliziona si bunifu kama za wenzao. Dakika chache tu zilitosha. Kwa hiyo amua kabla ya kuanza kwamba rasimu ya kwanza haionyeshwi kwa mtu yeyote, na simu iwe chumba kingine. Kama kazi ni ya kulipwa na tarehe imefika, weka rasimu moja ya faragha kabla ya ile ya mteja, hata ikiwa ya dakika 20.

Uhuru umezidi. Ukurasa mtupu na mada yoyote duniani ni mzigo. Jibane: rangi mbili, sentensi kumi na mbili, noti tano, mhusika mmoja ndani ya chumba kimoja. Kizuizi kikikukera hadi ukatamani kukivunja, umeshapata wazo.

Huingizi kitu kipya. Mara chache, tatizo ni kwamba umetoa tu kwa muda mrefu. Tumia wiki moja kusoma, kusikiliza na kutazama kazi za wengine bila kuzalisha chochote, ukiandika tu kilichokugusa na sababu yake.

## Dalili ya 6: Malengo mengi, yote nusu

Mshika mbili moja humponyoka, sembuse mshika saba. Chagua moja la kukuza na moja la kulinda lisishuke. Mengine yaandike kwenye ukurasa mmoja wenye tarehe ya kuyaangalia tena, miezi mitatu mbele. Ukihisi uchungu kuliacha mojawapo, huenda hilo ndilo ulipaswa kulichagua.

## Wakati wa kuacha kurekebisha malengo na kumtafuta mtaalamu

Mwongozo huu unafaa pale ambapo tatizo liko kwenye lengo. Usiendelee kupunguza dakika na kubadili ratiba ukiona mojawapo ya haya:

- Huzuni, utupu au kutofurahia hata ulivyovipenda, kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona hutibika.
- Uchovu usioisha hata ukilala vya kutosha. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingoni huonekana hivyo, na kipimo cha damu hutosha kuanza kuyatafuta.
- Kushindwa kumakinika, kusahau vitu na kuacha kazi katikati tangu utotoni, nyumbani na kazini pia. Omba kupimwa upungufu wa umakini.
- Lengo la mwili au chakula lililogeuka: unajinyima, unajificha ukila, au unafanya mazoezi ukiwa umeumia kwa sababu ya hatia.
- Mawazo ya kujidhuru au ya kutotaka kuishi. Hapa usisubiri miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, usibaki peke yako, na uende hospitali au upige simu ya dharura ya mahali ulipo.

Unapokwenda kwa mtaalamu, beba ulichoandika: dalili ilianza lini, ulibadilisha nini, kwa siku ngapi, na kilitokea nini. Taja saa unazolala na dawa unazotumia. Ukishindwa kueleza kwa mdomo, mpe karatasi aisome.